Uani Si Uwanja wa Shabaha

Mkesha wa mwaka mpya, nyumbani kwetu Tunduma, shemeji yangu alikuja kututembelea kutoka shambani kwake bonde la Kamsamba. Alikuja na debe la mchele, kuku wawili, na bunduki yake ya marisaa, ile ambayo wengi huiita shotigani. Bunduki hiyo anaimiliki kihalali, na huitumia kuwatishia nguruwe pori wanaoharibu mazao. Watoto walipoiona walimzunguka kama vifaranga. Baada ya chakula cha mchana alipanga makopo manne ya maziwa juu ya ukuta wetu wa tofali, akasimama karibu na jiko, akasema anataka kuwaonyesha vijana jinsi wanaume wanavyolenga.

Kopo la kwanza liliruka. Vijana walishangilia. Nami, akina mama wenzangu, siwafichi: nilipiga vigelegele, nikaenda kumletea soda. Kopo la pili likaruka. Kabla hajalenga la tatu tulisikia hodi yenye ghadhabu langoni. Alikuwa mama jirani, mkononi ameshika ndoo ya plastiki. Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye matundu madogo sita au saba, kama chujio.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Dada, mtoto wangu alikuwa ameinama juu ya ndoo hii sasa hivi. Nilimwita ndani aje avae viatu."

Sote tulinyamaza. Soda niliyokuwa nimeishika ilianza kutetemeka mkononi mwangu. Tangu siku ile nimeuliza, nimesoma na kusikiliza mengi juu ya jambo hili, na nimeona vema niwashirikishe wenzangu. Nyumba nyingi za mkoa wetu wa Songwe, kuanzia Mbozi na Momba hadi Ileje na Mkwajuni, zina bunduki ya halali, au gobore la babu lililofichwa darini, au manati mfukoni mwa mtoto. Na mara nyingi mama wa nyumba ndiye wa mwisho kuulizwa.

Risasi haina pasipoti

Kosa la shemeji halikuwa kukosa shabaha, kwa maana makopo aliyapiga. Kosa lake lilikuwa kutojiuliza: nyuma ya kopo kuna nini? Kopo la maziwa halizuii kitu. Yale marisaa machache yanayoligusa huliangusha, na yaliyobaki huendelea na safari yake. Marisaa madogo ya kuwindia ndege huweza kuruka karibu mita 200. Risasi ya bunduki ndogo kabisa, ile ambayo watu huidharau, huweza kwenda zaidi ya kilomita moja, nayo ya bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa hufika kilomita tatu na zaidi.

Sasa fikiria mji wetu. Tunduma nyumba zimebanana, malori yanayosubiri kuvuka yamejipanga barabarani, wauza ndizi na wauza mitumba wanapita kila uchochoro. Ng'ambo tu kuna Nakonde, ambayo ni Zambia. Mtu anayefyatua bunduki uani kwake anaweza kumjeruhi mtu aliye katika nchi nyingine, maana risasi haisimami mpakani kugongewa muhuri.

Aidha, risasi haiendi moja kwa moja siku zote. Ikigonga jiwe, chuma, sakafu ya saruji au hata uso wa maji, huweza kubadili njia na kurudi upande usioutazamia. Bati la kuezekea ni kama karatasi mbele ya risasi ya bunduki kubwa. Na risasi inayopigwa juu wakati wa harusi au mwaka mpya haipotelei mbinguni. Itashuka, na pengine itamkuta mtu amelala.

Liko pia jambo ambalo sisi tunaobeba watoto mgongoni yatupasa kulijua. Mlio wa bunduki huzidi desibeli 140, nao mlio wa kiwango hicho huweza kudhuru masikio mara moja, na madhara hayo huenda yasipone kamwe. Wanaolenga shabaha kwa utaratibu huziba masikio na kuvaa miwani ya kulinda macho. Siku ile kwetu, mtoto wa miezi minane alikuwa hatua kumi kutoka kwenye mtutu, amefungwa kwa khanga tu.

Sheria inasemaje?

Wengi hudhani kwamba mtu akiwa na leseni, na akiwa ndani ya uzio wake, anaweza kufanya apendavyo. Sivyo hata kidogo.

Bunduki nchini mwetu zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Leseni hupewa mtu mmoja, kwa silaha moja inayojulikana, baada ya ombi lake kuchunguzwa kuanzia serikali ya mtaa au kijiji hadi polisi. Wanataka kujua kama ana akili timamu, kama si mgomvi wala mlevi, na kama ana sababu ya kweli ya kuhitaji silaha. Leseni si ya ukoo wala ya nyumba. Shemeji akiwa na leseni, mume wangu hana. Kumkabidhi bunduki kijana wa miaka 14 ili "ajaribu moja tu" ni kuvunja sheria hata kama kopo halikuguswa.

Tena iko Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria zetu. Kifungu cha 89 kinamgusa mtu anayefyatua bunduki kwa nia ya kuwatia watu hofu. Kifungu cha 233 kinahusu vitendo vya pupa na uzembe vinavyohatarisha maisha ya watu, hata kama hakuna aliyekufa. Na kama mtu akifa, kuua bila kukusudia kwaweza kumpeleka mkosaji gerezani hadi kifungo cha maisha. Kusema "tulikuwa tunacheza" hakutamfufua mtu, wala hakutaifuta kesi.

Mchezo wa kulenga shabaha wenyewe si dhambi wala si kosa. Umo katika michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1896. Lakini huchezwa mahali palipotengwa kwa kazi hiyo, penye tuta refu la udongo la kuzuia risasi, penye msimamizi anayetoa amri ya kuanza na ya kuacha, na pasipo na mtu anayepita mbele. Ukuta wa tofali wenye jirani nyuma yake si tuta.

Na wale wanaosema, "Sisi hatulengi makopo, tunapiga kanga na kwale tu wanaopita shambani," nao wasikilize. Ndege hao na wanyama wengine wa porini wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kuwinda bila kibali ni kosa, hata kama mnyama amekuja mwenyewe hadi mlangoni pako. Nguruwe, nyani au tembo wakivamia shamba, toa taarifa kwa ofisi ya kijiji na kwa afisa wanyamapori wa wilaya.

Gobore la babu

Hapa naomba mama msomaji asome polepole. Katika vijiji vyetu liko gobore lililorithiwa, au lililotengenezwa na fundi wa kijijini. Halina namba wala karatasi. Limefungwa katika gunia, limewekwa darini au chini ya kitanda, na watu wanasema ni kumbukumbu ya mzee.

Sheria haioni kumbukumbu, inaona silaha isiyo na leseni. Kosa la kumiliki silaha bila leseni limo miongoni mwa makosa ya uhujumu uchumi, ambayo adhabu yake huwa kati ya miaka 20 na 30 gerezani. Wako wanaume nchini humu waliofungwa miaka 20 kwa sababu ya gobore moja. Hesabu mwenyewe: mtoto anayenyonya leo atakuwa mtu mzima mwenye familia siku baba yake atakapotoka.

Gobore lina hatari nyingine pia. Baruti hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu, kisha hutiwa vipande vya chuma au gololi. Baruti ikizidi, au mtutu ukiwa umeliwa na kutu, hulipuka mikononi na usoni mwa anayelifyatua. Na kwa kuwa hukaa limeshindiliwa siku nyingi, mtoto anayelichezea hawezi kujua kama lina kitu ndani.

Wako pia wanaoyeyusha madini ya risasi jikoni ili kutengeneza marisaa, mara nyingi wakitumia betri chakavu za magari. Mama, usikubali sufuria yako itumike kwa kazi hiyo, wala isifanyike karibu na watoto. Madini ya risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama.

Je, mtu afanye nini akiwa na silaha ya namna hiyo? Iko njia ya kutoka. Umoja wa Afrika umetenga mwezi wa Septemba kila mwaka kuwa mwezi wa kusalimisha silaha kwa hiari. Serikali yetu nayo imewahi kutangaza vipindi vya msamaha, kama mwaka 2022 katika miezi ya Septemba na Oktoba, ambapo aliyesalimisha silaha hakushtakiwa. Sikilizeni matangazo ya polisi redioni. Kabla ya kulibeba gobore barabarani, mzee wa familia azungumze kwanza na mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti awasiliane na polisi, ili lisije likakamatwa njiani kana kwamba linapelekwa kwenye ujambazi.

Na wajane wapendwa, jueni hili: mume akifariki akiwa na bunduki halali, leseni yake haiji kwako pamoja na kitanda na kabati. Usiikabidhi kwa shemeji wala kwa mtoto mkubwa. Kitoeni taarifa kituo cha polisi, mwambieni afisa kwamba mwenye leseni amefariki, naye atawaelekeza.

Manati na bunduki ya upepo

Mtu asiye na bunduki nyumbani asidhani kwamba makala hii haimhusu. Jiwe la manati lililorushwa na mtoto wa miaka tisa linatosha kabisa kulipasua jicho. Bunduki ya upepo, ambayo wajomba walio mjini huileta kama zawadi, siyo toy. Kidonge chake kidogo huweza kupenya ngozi na kuingia ndani ya jicho, na kikipigwa kwa karibu huweza hata kupenya fuvu la mtoto. Kabla ya kuipokea nyumbani, mzee wa nyumba aende kituo cha polisi aulize inahitaji kibali gani. Kama imekwisha kuingia, ikae mahali ambapo mtoto hafiki.

Manati nayo iwe na sheria ya nyumba: isielekezwe kamwe kwa mtu, kwa mnyama wa jirani, wala kwenye nyumba. Afadhali zaidi umpe mtoto mpira. Wazee walisema mwana akililia wembe mpe. Lakini wembe hukata kidole, na mtoto hujifunza. Jicho likishapasuka hakuna somo la pili.

Kuzungumza na baba watoto

Usiku ule, wageni walipolala, nilikaa kitandani nikiwaza nianzeje. Bunduki si yangu, na mwenye nayo ni kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye humwamkia shikamoo. Nikamwambia, "Baba watoto, ungekuwa wewe ndiye mama jirani, ungetaka kusikia nini kesho asubuhi?"

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Ningetaka kuona uso wa aliyefyatua."

Asubuhi wale ndugu wawili walikwenda pamoja kwa jirani, wakiongozana na balozi wetu. Shemeji aliomba radhi mwenyewe, mbele ya mtoto yule. Alinunua ndoo mpya, ingawa sote tulijua kwamba si habari ya ndoo. Mama jirani angeweza kwenda polisi, na ilikuwa haki yake. Hakwenda, akasema, "Ila sikukuu ijayo nisiione." Shemeji aliiweka bunduki katika mkoba wake bila risasi, akaenda nayo shambani, na tangu hapo akija mjini haji nayo.

Nimejifunza kwamba si lazima mke aanze kwa kulaumu. Usimwambie mume mbele ya ndugu zake kwamba hawana akili, maana utaambulia ugomvi na bunduki itabaki palepale. Tafuta saa ya utulivu. Zungumza habari ya watoto na ya jirani. Ikiwa mume hasikii, mwombe mzee anayemheshimu au mchungaji wenu aseme naye. Lakini ikiwa mume hutishia watu kwa silaha, au hunywa pombe na kuichezea, au amekutishia wewe, hapo si pa kunyamaza kwa jina la heshima ya ndoa. Ondoka na watoto mwende mahali salama, na utoe taarifa polisi. Simu ya dharura ni 112.

Kama bunduki ya halali ipo nyumbani

Haya ndiyo mambo ambayo mama anayo haki ya kuyadai:

1. Bunduki ikae bila risasi ndani, katika kasha la chuma lililofungwa kwa kufuli. Nyuma ya mlango na chini ya godoro si mahali pake.

2. Risasi zikae mahali pengine, nazo zimefungwa. Ufunguo uwe kwa mwenye leseni, usiachwe juu ya kabati ambako kila mtoto anajua.

3. Kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi, hata kama mtu amekwambia haina. Mtutu usielekezwe kwa mtu hata kwa mzaha.

4. Pombe na bunduki visikutane. Mwenye leseni akianza kunywa, kasha lisifunguliwe.

5. Isifyatuliwe uani, wala hewani kwenye harusi, mazishi au mkesha wa mwaka mpya.

6. Watoto wafundishwe maneno manne: usiguse, ondoka, mwambie mkubwa. Warudie mpaka wayashike, kama wanavyoshika namba ya simu ya baba.

7. Ikiibwa au kupotea, polisi waambiwe mara moja. Kuchelewa huleta mashaka, na silaha hiyo ikitumika katika uhalifu wataanza kuuliza kwako.

Ajali ikitokea

Mtu akipigwa risasi, chukua kitambaa safi, kandamiza jeraha kwa nguvu na usiachie kila mara ili kuchungulia. Mlaze, mfunike asipate baridi, usimpe chakula wala maji, na usijaribu kuitoa risasi kwa kisu au koleo. Mkimbize hospitali. Wakati wewe unakwenda na mgonjwa, ndugu mwingine aende polisi kuchukua fomu ya PF3. Msikae nyumbani mkibishana juu ya fomu huku damu ikimwagika, wala msifiche chanzo cha jeraha, kwa maana daktari anahitaji ukweli.

Ikiwa ni jicho, usilisugue, usilioshe kwa maziwa wala kwa dawa ya majani, na usichomoe kilichoingia. Lifunike kwa kikombe safi kisichogusa jicho lenyewe, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukiambiwa uende Mbeya kwa daktari wa macho, usingoje siku ya mnada ili upate nauli. Ni zaidi ya kilomita 100 kutoka Tunduma, lakini jicho halisubiri. Kopa kwa kikundi chenu, ndiyo kazi ya vikundi.

Ukuta wa juu ya dari

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, iko amri ambayo nilikuwa nikiipita bila kuitazama. Waisraeli waliagizwa kwamba mtu akijenga nyumba mpya, aweke ukingo pande zote za dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Dari zao zilikuwa bapa, watu walikaa huko jioni wakipunga hewa. Mungu hakungoja mtu aanguke kwanza.

Sisi hatukai darini. Lakini nyumba zetu nazo zinahitaji ukingo: kufuli, neno la upole usiku, ujasiri wa kumwambia shemeji "hapana" hata kama amekuja na mchele. Ile ndoo yenye matundu mama jirani alitaka kuitupa. Nilimwomba anipe. Nimeitia udongo na kupanda mchicha ndani yake, nayo iko palepale chini ya ukuta, mahali ambapo kila mgeni ataiona. Wanangu wakiulizwa ilitobolewa na nini, huwa wananitazama mimi kwanza. Nami huwaeleza wageni yote, pamoja na vile vigelegele vyangu.